Usipige Kiki Bado

"Mjomba, hii pikipiki imekufa?"

Haijafa, mpwa wangu. Imenyamaza tu. Na umefanya jambo la maana sana kuuliza kabla hujaigusa. Watu wazima wengi wakikuta pikipiki iliyotelekezwa huirukia na kukanyaga kiki kwa nguvu zote. Maswali wanayakumbuka baadaye, injini ikishaumia. Sisi tutauliza kwanza. Usipige kiki bado.

Sogeeni wote wawili, wewe na mdogo wako. Itazameni. Imeegeshwa chini ya huu mparachichi tangu ninyi hamjazaliwa. Tairi la mbele limezama kwenye udongo mwekundu mpaka kwenye rimu. Siti imechanika, na nyasi zimeota kwenye sponji yake. Kioo cha taa kipo, balbu haipo. Kwenye tundu la bomba la moshi nyigu wamejenga nyumba ya udongo, ikakauka vizuri. Hapa kwetu Mapera, wilayani Mbinga, mvua huanza Novemba, ikatukalia mpaka Aprili. Kisha Juni na Julai huja na baridi ile ya milima hii ya Umatengo mnayoijua. Pikipiki hii imekula yote hayo bila hata kipande cha turubai.

"Sasa mbona unasema haijafa?"

Kwa sababu kila kiungo chake kimenyamaza kwa sababu yake. Kabureta ina sababu yake. Pistoni ina sababu yake. Breki nazo zina yake. Tukiijua sababu, tunajua pa kushika. Tusipoijua, tutaishia kupiga nyundo, na nyundo haijawahi kufufua injini.

Lakini adabu kwanza. Mgeni huulizwa jina. Haya, muulizeni.

"Pikipiki, wewe ni nani?"

"Mimi ni Honda CG125. Ukoo wetu ulianza kutengenezwa Japani mwaka 1976. Kampuni yetu aliianzisha mzee Soichiro Honda mwaka 1948, nchi yake ikiwa bado inajikusanya baada ya vita. Kabla ya hapo alikuwa akifunga injini ndogo kwenye baiskeli za watu. Mimi nilichorwa kwa ajili ya barabara mbaya na watu wenye haraka."

"Kwani wenzako hawakuchorwa kwa barabara mbaya?"

"Wenzangu walionitangulia walikuwa na cheni ndogo ndani ya injini. Cheni hiyo ilizungusha kifaa cha kufungua valvu, kilichokaa juu kabisa kichwani. Ni kazi nzuri, ila inadai oili safi na mkono wa fundi wa kuikaza. Wahandisi wakaenda kutazama jinsi pikipiki zinavyotumika katika nchi zinazoendelea. Wakakuta oili haibadilishwi. Wakakuta cheni zimelegea. Wakakuta pikipiki ya watu wawili imebeba familia na mzigo juu. Hawakugomba. Walirudi mezani wakanichora upya. Ndani yangu hakuna ile cheni. Kifaa cha valvu kiko chini, kinazungushwa na gia, na vyuma viwili virefu vinasukuma valvu kutoka huko. Hata cheni ya gurudumu la nyuma waliifungia ndani ya kava, vumbi lisiifikie."

Mmesikia? Watu walienda kutazama kwanza, ndipo wakachora. Huo uhandisi naupenda sana. Na sikieni jambo jingine. Viwanda vya China viliuiga mpango huo wa injini, vikazitengeneza kwa wingi mno. Bodaboda nyingi za Kichina zinazopandisha abiria milima yetu, ukifungua injini zake utakuta vile vyuma viwili virefu vinavyosukuma valvu. Kwa hiyo mzee huyu aliyekaa chini ya mparachichi ni babu wa pikipiki nyingi mnazozipungia mkono barabarani.

"Na hapa ulifikaje, babu?"

"Nilikuwa nambeba bwana shamba. Tulipita kahawa baada ya kahawa. Tulifika Maguu, tulifika Litembo. Yeye anakagua ugonjwa wa chulebuni kwenye matunda, mimi nangoja kivulini. Njia zenyewe ni vijia vya kandokando ya ngolo, yale mashamba ya mashimo, mteremko huku, mteremko kule. Siku moja tairi likapata pancha, tyubu nyingine haikuwepo. Akaniegesha hapa. Akasema, kesho. Kabla ya hiyo kesho akahamishwa."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Pikipiki nyingi haziharibiki kwa ajali kubwa. Zinaharibiwa na hiyo kesho.

"Mjomba, mimi nataka kuiwasha!"

Na mimi nataka, mdogo wangu. Usipige kiki bado. Kwanza mjue injini inawakaje.

Jikoni kwa bibi yenu chungu kinakaa juu ya mafiga matatu. Ondoa figa moja, chungu kinalala na maharage yanamwagika. Injini nayo ina mafiga yake matatu. Figa la kwanza ni petroli. Figa la pili ni hewa. Figa la tatu ni cheche. Yakiwepo yote matatu, moto unawaka ndani ya silinda, na moto huo unaisukuma pistoni chini. Pistoni inapanda na kushuka, ikifanya kazi nne kwa zamu. Inavuta hewa na petroli. Inabana. Moto unawaka. Inatoa moshi. Semeni nami: vuta, bana, waka, toa. Tena: vuta, bana, waka, toa. Vizuri sana! Hapo mmeshajua jambo ambalo wengi wanaoendesha kila siku hawalijui.

Sasa niwaambie kwa nini kiki ni hatari leo. Pistoni ya huyu mzee ina upana wa milimita 56 na nusu. Inateleza ndani ya silinda ya chuma ikiwa imevaa ringi nyembamba. Zamani oili ilikuwa katikati yao. Miaka imepita, oili imetiririka chini, unyevu umeingia, na ukuta wa silinda umeota kutu. Ringi zimeshikamana na ukuta. Ukikanyaga kiki kwa uzito wako wote, unazikwangua ringi juu ya kutu. Zinaweza kuvunjika. Ukuta unaweza kuchanika. Pikipiki iliyohitaji uvumilivu sasa itahitaji silinda mpya.

"Kwa hiyo tunafanya nini?"

Tunafungua plagi, na kabla ya kuifungua tunasafisha pembeni yake kwa brashi, mchanga usidondokee ndani. Haya, imetoka. Ona, meno yake yamekuwa ya kahawia. Kwenye tundu lake tunamimina dizeli kidogo iliyochanganywa na oili nyembamba. Kisha tunasubiri.

"Mpaka lini?"

Mpaka inywe yenyewe. Kila asubuhi tutaongeza kidogo. Kila jioni tutaingiza gia kubwa kabisa, tutashika gurudumu la nyuma, na tutalisukuma kidogo mbele, kidogo nyuma. Kidogo tu. Lisipotikisika, tunaliacha. Hatugombani nalo. Na wakati pistoni inalala kwenye oili yake, sisi tuna kazi nyingine nyingi.

Mmoja wenu alete makopo ya maziwa yaliyokwisha. Kila kitu tutakachofungua tutakiweka kwenye kopo lake: nati za kabureta kopo hili, nati za breki kopo lile. Simu nayo ije, tupige picha ya kila waya kabla ya kuuchomoa. Akili ya mtu inasahau haraka kuliko anavyodhani.

"Mjomba, nati hii haitoki kabisa. Kwa nini?"

Swali hilo ni tamu. Kaeni nilieleze. Chuma kikikutana na maji na hewa kwa pamoja, kinaungana navyo na kuwa kutu. Kikikosa kimojawapo, maji au hewa, kutu inakwama. Ndiyo maana tunapaka oili na grisi, ili maji na hewa visikiguse chuma. Sasa, kutu ina tabia moja mbaya: inavimba. Inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kati ya nati na bolti hakuna nafasi ya kuvimbia, basi inajibana hapohapo, na nati inashikwa. Ukilazimisha, bolti inakatika. Kwa hiyo unaipa dizeli na oili, unaigonga taratibu kwa nyundo ndogo, unaiacha ilale. Kesho unaizungusha kidogo kuikaza, kidogo kuifungua. Kaza, fungua. Kaza, fungua. Itatoka.

Hizi skrubu za kava la injini nazo ni za kuheshimu. Vichwa vyake vya nyota ni laini. Bisibisi isiyokaa sawasawa italamba kichwa chote, na skrubu itabaki humo. Tafuta bisibisi inayojaa tundu. Iweke wima. Igonge kitako mara chache kwa nyundo, kisha zungusha huku umeikandamiza. Sikia, "tak". Imeachia.

"Mjomba," anauliza mdogo wako, naye ana wasiwasi machoni, "hii kutu haitaambukiza kahawa yetu? Baba alisema kahawa ya kule chini imeshikwa na kutu."

Njoo nikupe mkono, mwanangu! Mtoto wa Mbinga kweli. Hapana, haitaambukiza. Ile kutu ya kahawa ni kuvu, kitu chenye uhai. Kinakaa chini ya jani, kinatoa unga wa rangi ya chungwa, na upepo na matone ya mvua huupeleka kwenye mti mwingine. Ndiyo maana baba anapuliza dawa ya kopa. Kutu ya pikipiki haina uhai. Haizai, hairuki. Ila zote mbili zinapenda unyevu, na Umatengo ina unyevu wa kutosha. Kwa hiyo wasiwasi wako haukuwa wa bure.

Sasa twende kwenye figa la kwanza, petroli. Hapa ninawaambia jambo na sicheki: kazi ya petroli ni ya mtu mzima, nje, penye upepo, mbali na jiko na mbali na kiberiti. Ninyi mtasimama pale kwenye jiwe. Mvuke wa petroli hauonekani kwa macho, lakini unashika moto. Na tangi la petroli hata likiwa tupu halipelekwi kwa mchomeleaji hivihivi. Mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka.

Nafungua kifuniko. Mnaisikia harufu hiyo? Si harufu ya petroli ya sheli. Petroli ina vitu vyepesi na vitu vizito. Vyepesi huruka kwanza, na ndivyo vinavyowaka haraka. Vizito hubaki chini, vikawa gundi ya kahawia. Haya mabaki nayamwaga kwenye dumu lake. Sasa sogeeni mchungulie kwa tochi. Chini ni kutu tupu.

"Lakini Mjomba, kifuniko kilikuwa kimefungwa. Maji yaliingiaje?"

Lo! Hilo swali lingemfurahisha mhandisi yeyote. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo sana. Limewekwa makusudi, kwa sababu petroli ikishuka kwenda kwenye injini, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Bila hewa kuingia, petroli ingegoma kushuka. Sasa fikirini: mchana jua linapasha tangi, hewa ya ndani inatanuka na kutoka. Usiku baridi inashuka, hewa inasinyaa, na hewa mpya yenye unyevu inavutwa ndani. Unyevu ukigusa bati la baridi unakuwa matone. Asubuhi matone yamo ndani. Kesho tena. Keshokutwa tena. Tangi tupu limekuwa likinywa maji tone kwa tone, usiku kwa usiku, na mfuniko umefungwa kabisa. Ndiyo maana pikipiki inayowekwa kwa muda mfupi huachwa na tangi lililojaa: pasipo nafasi ya hewa, matone hayana pa kukaa.

Kulisafisha nako kuna raha yake. Tunaziba tundu la chini. Tunatia nati na bolti kuukuu, tunahesabu ngapi zimeingia ili zitoke zote. Tunamimina siki. Tunatikisa, huku na huku, huku na huku, mikono ichoke. Tunaacha usiku mzima. Siki inaila kutu pole pole. Asubuhi tunamwaga, na yatatoka maji meusi yenye kutu ya kutosha. Tunasuuza kwa maji yenye magadi ili ule uchachu uishe. Kisha tunakausha juani upesi, na hapohapo tunazungusha oili kidogo ndani. Msichelewe hapo! Bati lililotoka kusafishwa likiachwa na maji linaanza kuota kutu upya siku hiyohiyo.

Kutoka kwenye tangi petroli inakwenda kwenye kabureta. Hii hapa. Chini ina kibakuli, na ndani ya kibakuli kuna boya dogo linaloelea. Petroli ikijaa, boya linapanda na sindano inafunga mlango. Petroli ikipungua, boya linashuka na mlango unafunguka. Hakuna umeme, hakuna kompyuta, na linafanya kazi hiyo pikipiki ikiruka mawe.

Hii shaba ndogo inaitwa jeti. Ina tundu jembamba katikati, na petroli nyingi inayoendesha injini hupita hapo. Iinue juani. Unaona mwanga?

"Sioni kitu."

Gundi imeziba. Ndiyo sababu ya figa la kwanza kunyamaza. Nailaza kwenye petroli mpya. Kisha natoa uzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya wa umeme, naupitisha taratibu. Sitii waya wa chuma, maana utapanua tundu, na injini itakunywa petroli kupita kiasi siku zote. Napuliza kwa pampu ya baiskeli. Haya, inua tena.

"Naona! Kadoti kadogo!"

Umeona. Kadoti hako ndiko kalikokuwa kanazuia pikipiki nzima.

Figa la pili, hewa. Fungua sanduku la filta. Msishtuke. Panya alikaa humo na watoto wake, amejaza maganda ya mahindi na pamba ya siti. Alikuwa na nyumba nzuri, kavu, isiyo na paka. Lakini injini ikivuta, haipati hewa. Sponji ya filta imesagika, ukiishika inakuwa unga. Tunatoa vyote, tunakata sponji mpya, tunailowesha oili na kuikamua ili inase vumbi. Na udongo wa nyigu kwenye bomba tunautoa kwa kijiti. Kwa nini bomba nalo? Semeni: vuta, bana, waka, toa. Kisipotoka, hakiwezi kuingia kingine.

Figa la tatu, cheche. Watu huniambia, "Pikipiki haina betri, cheche itatoka wapi?" Kwa huyu mzee, cheche haitoki kwenye betri. Pembeni ya injini kuna gurudumu zito lenye sumaku. Sumaku ikizunguka karibu na nyaya za shaba zilizosokotwa, umeme unazaliwa kwenye nyaya. Kisha kuna vipande viwili vidogo vinavyogusana na kuachana, mafundi huviita platini. Vikiachana kwa wakati wake, umeme unarukia kwenye plagi. Basi. Platini za huyu zimeota ukoko wa kijivu, hazigusani tena. Tunapitisha msasa laini, tunazipangusa kwa karatasi safi, tunapima nafasi yake kwa kipande chembamba cha chuma cha kupimia.

Jioni ya leo, baada ya siku zote hizi za kuongeza dizeli, mpwa wangu, shika gurudumu la nyuma. Sukuma kidogo.

"Mjomba! Limetikisika!"

Pistoni imeachia! Polepole, mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Ona inavyozidi kulegea. Mungu mkubwa. Sasa plagi ikiwa bado nje, nitaisukuma kiki kwa mkono, taratibu, dizeli yote iliyomo irukie nje kwenye kitambaa.

"Sasa tupige kiki?"

Usipige kiki bado. Nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo ninapotofautiana na vijana wengi. Wao wakipata cheche wanawasha, wanapanda, wanaondoka. Mimi nasema breki kwanza. Angalieni nchi yetu ilivyo. Kila njia hapa inashuka. Pikipiki isiyowaka haijawahi kumuua mtu. Pikipiki isiyosimama ndiyo inayoua.

Tunatoa magurudumu yote mawili. Ndani ya habu kuna shuu za breki, na vumbi jeusi limejaa. Msipulize kwa mdomo! Shuu za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia kifuani linaleta maradhi makubwa baada ya miaka. Tunalowesha kwa maji, tunafuta kwa kitambaa kibichi, kitambaa tunakifunga kwenye mfuko. Tunaweka shuu mpya. Kwa bahati babu ana wajukuu wengi barabarani, kwa hiyo spea nyingi za pikipiki za Kichina zinamwingia, ila lazima uende dukani na ile ya zamani mkononi, ulinganishe. Beringi tunazipa grisi mpya. Waya za breki na za klachi tunazibadilisha, hazina bei ya kumfanya mtu abahatishe.

"Tairi bado lina meno mazuri. Tuliache?"

Umetazama vizuri, lakini pinda mpira hapa ubavuni. Unaona nyufa? Jua na hewa vimeukausha. Meno yapo, nguvu haipo. Likipasuka mteremkoni, huna la kushika. Tairi zote mbili tunanunua mpya, na tyubu zake. Kwenye pesa kidogo, mimi naweka zote kwenye tairi na breki kabla ya kununua hata kopo moja la rangi. Naona watu wanaanza na rangi, tangi linang'aa, na ndani kutu inaendelea kula. Sipendi kabisa. Rangi itasubiri. Hata mikwaruzo ya tangi hili naipenda, ni alama za njia alizopita na bwana shamba.

Bado oili. Tunafungua bolti ya chini. Inatoka nini? Si nyeusi, ni nyeupe nyeupe na nzito. Hayo ni maji yaliyochanganyika na oili. Oili ya namna hii hailindi kitu. Inatoka yote. Tunatia mpya, karibu lita moja. Valvu tunazipima injini ikiwa baridi: nafasi yake ni milimita 0.08, nyembamba kuliko karatasi nyingi mnazoandikia shuleni. Nafasi ikizidi, zinagonga. Ikikosekana, hazifungi vizuri na zinaungua.

Plagi mpya naichomeka kwenye waya wake, nailaza juu ya injini, mbali na petroli. Nasukuma kiki kwa mkono. Tazameni penye meno.

"Nimeona! Ya bluu!"

Mafiga yote matatu yapo.

Narudisha plagi. Nafungua petroli. Tungoje kibakuli kijae. Naangalia hakuna panapovuja. Gia huru? Huru. Mdogo wako asimame nyuma yangu, mbali na bomba. Sasa semeni wote.

"Piga kiki!"

Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Msikate tamaa, petroli bado inatafuta njia. Nyingine. Pah! Imekohoa. Mmesikia? Nyingine tena. Pah, pah, pah... ta-ta-ta-ta-ta! Ona moshi mweupe! Msiogope, ni ile oili tuliyomimina kwenye silinda inaungua, utapungua sasa hivi. Kuku wote wamekimbilia kwenye migomba. Mzee anazungumza! Vuta, bana, waka, toa. Vuta, bana, waka, toa. Sasa ni haraka mno hamwezi kumfuata kwa mdomo.

"Mjomba, twende Mbamba Bay!"

Kutoka Mbinga mjini ni kilomita 66 za lami, na ni mteremko mrefu mpaka ziwani. Huyu ameamka sasa hivi. Leo ataenda mwisho wa shamba la kahawa na kurudi, na mimi peke yangu nikiwa na kofia ngumu. Nikirudi tutakaza nati zote upya, kwa sababu joto la kwanza hulegeza. Kesho mbali kidogo. Kesho nyingine mbali zaidi. Halafu kuna kadi yake ya usajili kule TRA, Mamlaka ya Mapato, na bima. Ziwa tutaliona, lakini mteremko ule tutaushuka kwa gia ndogo, injini ikisaidia breki.

Na kabla ya yote, nazima. Oili tuliyotia leo imefanya kazi ya kuosha, imebeba takataka zote za ndani. Tunaimwaga ingali na moto, tunatia nyingine.

"Hii chafu tuimwage pale mtaroni?"

Hapana, na asante kwa kuuliza kabla hujaimwaga. Mtaro ule unaingia kijitoni. Vijito vya milima hii, vingine vinashuka Ziwa Nyasa, vingine vinaingia mto Ruvuma. Oili haizami, hutanda juu ya maji na kuyanyima hewa. Usipa, samaki mdogo wa ziwa hilo, unaopandishwa kutoka Mbamba Bay kila siku unaishi kwenye maji hayo. Kwa hiyo oili hii, ile nyeupe ya mwanzo, na ile petroli iliyooza, vyote nitavipeleka gereji mjini. Mwambie mdogo wako alete lile dumu la lita tano lililoko nyuma ya jiko, na aangalie kwanza kama mfuniko wake haujapasuka.